Barabara Isiyo na Ushuru

Treni zilikuwa zimegoma. Argiris alikuwa Athene, mtoto wa kubatizwa alikuwa Thessaloniki, ubatizo ulikuwa kesho yake jioni, na mshumaa alikuwa nao yeye.

Mshumaa wenyewe ulimfika kifuani. Ulikuwa mweupe, umezungushiwa shela na tepe za rangi ya waridi kuanzia shingoni mpaka chini. Bi Despo wa duka la mishumaa pale Nikea, mtaani kwao Athene, aliahidi kuumaliza Jumatatu, akaumaliza Ijumaa asubuhi, na bado alitaka kushukuriwa. Stamatina, mke wa Argiris, hakungoja. Aliondoka Jumatano kwa treni, kabla ya mgomo, na nguo za mtoto, viatu, taulo na msalaba wa dhahabu.

"Wewe leta mshumaa na mafuta," alimwambia mumewe mlangoni. "Vitu viwili tu. Hata wewe huwezi kuharibu vitu viwili."

Mafuta yalikuwa chupa ya lita moja, mafuta ya zeituni ya miti aliyoiacha mama yake Argiris huko Lakonia. Baba wa ubatizo huja na mafuta, huja na mshumaa, na zaidi ya vyote huja na jina. Padri akiuliza mtoto anaitwa nani, hajibu baba wala mama. Anayejibu ni yule aliyemshika mtoto mikononi. Akishasema, imekwisha, hata bibi wa mtoto azimie.

Na bibi wa mtoto huyu alikuwa tayari kuzimia. Alikuwa anaitwa Polixeni, na alikuwa akikaa nyumba moja na binti yake Olimpia, mama wa mtoto, na mkwe wake Zisis. Kwake yeye jambo lilikuwa limeshaamuliwa: mjukuu wa kwanza wa kike anaitwa Polixeni, mazungumzo yameisha. Zisis naye alikuwa amempa Argiris neno lake. Zamani alipokuwa askari kambini Haidari, kijana wa kaskazini asiye na ndugu Athene, kila Jumapili alikula mezani kwa mama yake Argiris. Pilipili za kujazwa wali, kuku wa oveni, na sahani ya pili bila kuulizwa. Mama huyo aliitwa Asimina. Alikufa miaka miwili nyuma. Argiris na Stamatina hawakupata mtoto, kwa hiyo jina hilo halikuwa na mahali pa kwenda. Zisis alimpigia simu siku mtoto alipozaliwa. "Wewe ndiye utakayembatiza, kumbare," alisema, maana Wagiriki humwita hivyo baba wa ubatizo wa mtoto wao. "Na utamwita Asimina. Olimpia amekubali. Mama mkwe hajui, na hatajua mpaka alisikie kanisani."

Lakini Polixeni hakuwa mjinga. Alikuwa na kaka yake, Prodromos, mzee aliyestaafu forodhani, na huyo Prodromos alikuwa ameshonesha suti mpya. Kama baba wa ubatizo asingefika, kwa bahati mbaya tu, kwa sababu ya mgomo kwa mfano, Prodromos angekuwepo pale mbele, mikono imenyooshwa.

Ndiyo maana Ijumaa ile mchana Argiris aliingia mkahawani kwa Pandelis akiwa na mshumaa begani kama mtu anayekwenda kuwinda. Akauegemeza ukutani, mbali na jiko, akaagiza kahawa baridi. Kisha akafanya kosa la kwanza. Aliomba ushauri.

"Ndege," alisema Pandelis, hata kabla hajaleta kahawa. "Hujamaliza juisi yako, umeshatua."

"Na mshumaa?"

"Unaushika mkononi."

"Pandeli," alisema Argiris, akiacha s ya mwisho kama Wagiriki wanavyoitana, "utazame. Watanipitisha pale na mkuki?"

"Waambie ni wa mtoto."

"Na mafuta? Lita nzima?"

"Hayo hayapiti," alisema Mihalos kutoka meza ya pili, bila kuinua macho kwenye ubao wa tavli, mchezo wao wa kete. Mihalos alikuwa amekata tikiti za basi maisha yake yote, na watu wa ndege hakuwapenda. "Wananyang'anya maji ya kunywa, sembuse mafuta ya Lakonia. Watakwenda kukaangia viazi."

"Basi ayaweke kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege," alisema Pandelis.

"Lile wanalirusha kama gunia la vitunguu. Chupa ikipasuka, nguo za abiria wote zitakuwa zimebatizwa."

Watu wakacheka. Pandelis akatoa simu kutafuta bei, maana hakupenda kushindwa kwenye mkahawa wake mwenyewe. Akatazama, akasogeza kidole, akatazama tena.

"Kuna nafasi moja," alisema kwa sauti ya chini.

"Bei gani, sema," alisema Mihalos.

"Euro mia na sabini."

"Kwa bei hiyo rubani anibebe mgongoni," alisema Argiris.

Mihalos akaweka kete chini. Alikuwa amengoja zamu yake, na sasa ilikuwa imefika.

"Nisikilize mimi. Basi la asubuhi, kituo cha Kifisos. Euro arobaini na mbili. Linasimama mara moja watu wakojoe na wanunue chakula kibaya, basi. Unafika mchana, unaoga, unalala, unaamka, unambatiza mtoto."

"Na mshumaa unakaa wapi?"

"Kwenye buti."

"Mwezi wa saba? Buti ya basi? Mle kuku mbichi anaiva."

"Utakaa nao ndani. Dereva wa asubuhi ni mtu wangu, nitampigia. Utakaa kiti cha nyuma kabisa, mshumaa kati ya magoti, kiyoyozi kinakupuliza. Utafika umenyooka kama ulivyo. Mshumaa nasema, siyo wewe. Wewe hukunyooka tangu kuzaliwa."

Hii ilikuwa njia nzuri, na Argiris aliiona kwamba ni nzuri. Mkono wake ulikuwa tayari umekwenda mfukoni kutafuta pochi. Kama angekuwa mtu wa nchi nyingine, hadithi ingeishia hapo.

"Shemeji," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Sarandis, kaka yake Stamatina. Alikuwa ameendesha teksi miaka thelathini, akauza leseni, akabaki na gari na maoni.

"Shemeji, nimesikia vizuri? Utampa Mihalos hela za basi, na mimi nina gari pale nje?"

"Sikutaka kukusumbua, Sarandi."

"Kunisumbua! Mimi ni nani kwako, jirani? Mbele za watu unapanda basi kama mjane, na kaka wa mke wako yupo?"

"Gari lako lina kiyoyozi?"

"Lina madirisha manne."

"Na litafika?"

Sarandis akaweka mkono kifuani. Alikuwa ameumizwa, na alitaka kila mtu aone. "Gari hilo limekwenda Istanbul. Petroli tunagawana nusu kwa nusu. Na ushuru wa barabara, sifuri."

"Sifuri vipi?" aliuliza Pandelis.

"Mimi silipi ushuru. Barabara ile babu yangu aliijenga kwa kodi yake, na baba yangu akaijenga mara ya pili. Leo mtu akae kwenye kibanda aniambie toa euro tatu nipite kwenye barabara ya babu yangu? Kila lango lina njia ya pembeni. Nazijua zote."

Mkahawa mzima ukaunga mkono. Hata Mihalos alitikisa kichwa kwa heshima. Maana hilo la ushuru lilikuwa limewaingia wote rohoni. Mtu wa Nikea atakununulia chakula cha jioni cha euro sitini na kukasirika ukigusa pochi yako, kisha kesho yake atazunguka milima miwili ili asilipe euro tatu langoni. Siyo kwa sababu ya euro tatu. Ni kwa sababu kuna mtu amekaa kibandani anazingoja.

Argiris naye alikuwa mtu wa Nikea. Akarudisha pochi mfukoni.

Jioni alimpigia mke wake.

"Unakuja na nini?" aliuliza Stamatina.

"Na kaka yako."

Kwa mbali alisikia sufuria na sauti ya Polixeni ikitoa amri jikoni.

"Panda basi, Argiri."

"Nikikataa atanuna. Hatakuja Krismasi."

"Na hiyo unaniambia kama vile ni adhabu. Nisikilize. Huyu mama hapa amemleta kaka yake leo mchana kuja kupima suti mbele ya kioo cha chumba ninacholala. Wanaongea jikoni, nikiingia wananyamaza. Padri ana harusi baada yetu, amesema saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Panda basi."

"Tutatoka asubuhi mapema. Saa tano za barabara, mke wangu. Tutafika tukusaidie kukunja leso."

"Panda basi," alisema tena, lakini alijua alikuwa akiongea na ukuta.

Sarandis alisema atafika alfajiri. Alifika saa tatu, jua limeshapanda, na kahawa mkononi. Waliulaza mshumaa katikati ya gari, kitako kwenye kiti cha nyuma, ncha ikachungulia mbele kati yao wawili kama abiria wa tatu. Chupa ya mafuta Argiris aliibana miguuni. Wakaondoka.

Lango la kwanza Sarandis alilikwepa kwa ustadi, na Argiris hakuweza kubisha. Walitoka barabara kuu, wakapita nyuma ya ghala, wakapita mbele ya shule, wakapanda matuta yasiyohesabika, mbwa wawili wakawafukuza, wakarudi barabarani upande wa pili wa kibanda. Sarandis akapiga honi kwa furaha.

"Umeona? Euro tatu na senti zipo mfukoni."

"Tumetumia muda gani?"

"Muda si pesa."

"Leo muda ni mtoto, Sarandi."

"Tuna siku nzima!"

Lango la pili likawa hivyo hivyo, ila kwenye kijiji kile lori la matikiti maji lilikuwa limesimama katikati ya njia na dereva wake akiuza kwa mizani. Hakusogea mpaka foleni ya kinamama iliponunua. Sarandis naye alishuka akanunua moja kwa zile euro tatu zilizokuwa mfukoni. Lilipoingia garini lilikaa kiti cha nyuma, karibu na kitako cha mshumaa, na kila kona lilitaka kuuviringikia. Argiris akawa anaendeshwa huku amegeuka nyuma, mkono mmoja kwenye tikiti, mwingine kwenye mshumaa, chupa kati ya vifundo vya miguu. Shingo ikamkakamaa.

Walipofika Lamia ilikuwa mchana, na joto lilikuwa limeshika kila kitu. Hapo Sarandis hakufuata bahari. Akakata kushoto, kuelekea milimani.

"Unakwenda wapi?"

"Domokos. Barabara ya zamani. Kule chini pwani malango yamejipanga kama meno. Huku juu hakuna hata moja mpaka Larisa. Na kuna hewa! Baba yangu alipita huku, na babu yangu alipita huku na punda."

"Na sisi tutafika na punda."

"Tulia, shemeji. Wewe fundi wa vigae unamfundisha dereva barabara?"

Gari lilipanda. Kona baada ya kona, Sarandis akitafuta gia, malori yakiwa mbele yao yakinguruma kwa uchovu. Hewa aliyoiahidi ilikuwa ya moto kama ya mlango wa oveni. Karibu na kilele mshale wa joto ulikwenda mwisho, ukagonga, ukabaki pale. Kisha moshi mweupe ukatoka mbele, pamoja na sauti kama ya birika.

Walisimama chini ya mti pekee uliokuwepo. Sarandis akafungua boneti, akaruka nyuma.

"Paipu ya rejeta," alisema. "Imepasuka kidogo."

Kidogo chenyewe kilikuwa ufa wa urefu wa kidole. Walingoja ipoe. Argiris alitembea mpaka kwenye kibanda cha mfuga nyuki akarudi na maji ya ndoo, jasho likimtiririka mgongoni. Sarandis alikuwa akipekua buti kutafuta kitu cha kufungia. Alikuwa na kila kitu mle isipokuwa kitu cha kufungia.

Simu ikalia. Alikuwa Zisis.

"Kumbare! Uko wapi?"

"Karibu na Larisa," alisema Argiris, akitazama milima pande zote.

"Karibu vipi?"

"Karibu tu."

"Sikiliza." Zisis akashusha sauti. "Prodromos amevaa suti tangu saa nne. Amekaa sebuleni kama bwana harusi. Mama mkwe ananiambia, mwanangu, kumbare wako ni mtu mzuri, lakini ikitokea hajafika, tusimwache padri akingoja. Mara nne ameniambia. Mimi nimekupa neno langu, lakini siwezi kulitaja hilo jina mwenyewe. Ni lazima liwe mdomoni kwako. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Zisi."

"Njoo basi, mama yako akupe mbawa."

Argiris alikata simu. Akaenda garini, akautazama mshumaa. Kisha akafungua tepe za waridi, zote, alizozilipia kwa Bi Despo kwa bei ya dhahabu, akarudi na kuizungushia paipu ile, tabaka juu ya tabaka, akaikaza kwa meno.

"Imependeza," alisema Sarandis.

"Nyamaza, uendeshe."

Utepe ulishika mpaka Farsala, ukivuja. Fundi wa pale alipoinua boneti na kuona waridi, aliwaita wenzake waje watazame kabla ya kugusa chochote. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Ilibidi waagize paipu kutoka duka la pili, na duka la pili lilikuwa limefungwa kwa usingizi wa mchana, na mwenye duka ilibidi aamshwe kwa kupigiwa kelele chini ya dirisha. Argiris alipogeuka, Sarandis hakuwepo. Alirudi baada ya muda akiwa na boksi.

"Halua," alisema. "Mtu hapiti Farsala bila halua. Ya siagi, yenye lozi na ukoko wa sukari juu. Ya kuwapelekea watu."

"Ya kuwapelekea watu! Watu gani, Sarandi? Watakaokuwa wamekwisha ondoka?"

"Wewe tatizo lako unajitesa. Mlipe fundi, mimi pochi nimeisahau nyumbani."

"Na halua umelipa na nini?"

"Nimesema shemeji yangu anakuja kulipa."

Argiris akamlipa fundi, akalipia halua. Hakugombana. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu hagombani tena, anahesabu tu. Saa kumi ilikuwa imepita.

Walipotoka Larisa na kuikuta barabara kuu, lango la ushuru likaonekana mbele, limenyooka, safi, magari yakipita bila shida. Sarandis akawasha taa ya kugeuka kulia, kuelekea njia ya pembeni.

"Zima," alisema Argiris.

"Ni dakika kumi tu, kuna daraja..."

"Zima taa. Nyoosha. Ukitoka kwenye barabara hii nashuka, naufunga mshumaa mgongoni, naenda kwa miguu, na dada yako nitamwambia kwa nini. Mbele za watu. Kanisani."

Sarandis akazima. Walipofika kibandani Argiris alijinyoosha juu ya mshumaa na kulipa kwa mkono wake mwenyewe. Sarandis aligeuza uso upande wa pili, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mke aliyemwacha. Malango yaliyofuata ikawa hivyo hivyo, Argiris analipa, Sarandis anatazama mlima.

Ni kwenye lango la mwisho ndipo Argiris alipougusa mshumaa na kidole chake kikazama. Jua lilikuwa limeingia dirisha la kushoto tangu mchana. Mshumaa, uliokuwa umeegemea mgongo wa kiti cha mbele, ulikuwa umeufuata mgongo huo taratibu bila mtu kuona, na sasa ulikuwa na umbo la fimbo ya mchungaji. Alijaribu kuunyoosha. Ukanyooka sehemu moja, ukapinda sehemu mbili, na alama za vidole vyake vyote zikabaki.

"Ukiutazama kwa upande hauonekani sana," alisema Sarandis.

Kanisa lilikuwa Ano Poli, juu kabisa, mahali ambapo vichochoro vilijengwa kwa watu wembamba. Gari lilikwama chini ya ngazi, kati ya pikipiki na meza ya mtu aliyekuwa akila dagaa. Argiris hakusubiri. Aliruka na mshumaa mkono mmoja na mafuta mkono mwingine, akapanda mbio, shati limegandamana na mgongo, wazee wa vibarazani wakimpigia makofi.

"Kimbia, mwana wa Athene! Mkimbiza mwenge!"

"Mwenge umepinda, bwana!"

Stamatina alikuwa nje ya mlango wa kanisa. Alipomwona alijishika mashavu.

"Wameanza," alisema. "Nilimzuia padri kadiri nilivyoweza. Nilisema nazimia kwa joto, wakaniletea maji, nikanywa polepole. Zaidi ya hapo nini tena, nianguke?"

Ndani, Prodromos alikuwa amesimama mbele na suti yake, mtoto mikononi. Maneno ya mlangoni yalikuwa yamekwisha, shetani alikuwa amekwisha temewa mate mara tatu, na jina lilikuwa limekwisha ulizwa na limekwisha jibiwa. Maji ya moto yalikuwa yakimiminwa kwenye birika kubwa la shaba la kubatizia. Polixeni alikuwa kwenye safu ya mbele, mikono imekunjwa, uso umetulia kama wa mtakatifu ukutani. Zisis alikuwa pembeni, mwekundu mpaka masikioni.

"Mafuta!" alisema Argiris, akihema. "Nimeleta mafuta."

Watu wote waligeuka. Waliutazama mshumaa kabla ya kumtazama yeye.

"Baba wa ubatizo ni mimi," aliendelea.

Padri alikuwa mtu mfupi asiye na mzaha. "Baba wa ubatizo alikuwa ni wewe saa kumi na mbili. Sasa ni bwana huyu. Mtoto anaitwa Polixeni, nimeshalisoma."

"Bado hajaingia majini, padri," alisema Zisis.

"Wewe baba wa mtoto hujaulizwa."

"Mpishe kumbare wangu, mjomba Prodromos. Nakuomba kwa heshima."

"Mimi nimeitwa," alisema Prodromos. "Nimeitwa, nimekuja. Nilikuja kwa wakati. Basi la mtaani, euro moja na kidogo, na nikafika." Akambana mtoto zaidi, mtoto akaanza kulia.

Polixeni hakusimama. Aliongea akiwa amekaa, na kanisa zima lilimsikia. "Mtu anayempenda mtoto hufika."

Argiris alikuwa amesimama pale na nta iliyopinda, na mama yule alikuwa amesema kweli.

Zisis alipiga hatua mbele. Alikuwa amekunja ngumi, na Argiris alimjua tangu ujana, alijua kinachofuata. Angesema neno moja kwa mama mkwe wake, kwamba mtoto ni Asimina, mbele ya padri na ndugu wote. Ahadi yake angeitimiza. Na jioni angerudi nyumba ileile, jiko lilelile, kwa mtoto anayelelewa na mama yule kila siku wazazi wakiwa kazini. Nyuma yake Olimpia alikuwa akilia bila sauti, akimtazama Argiris, siyo mumewe.

"Olimpia," alisema Argiris. "Wewe unasemaje?"

"Mama hajibu," alisema padri.

"Simuulizi yeye kwa ajili yako, padri. Namuuliza kwa ajili yangu."

Olimpia akafuta uso. "Yote mawili," alisema. "Yanaunganishwa. Watu wanafanya."

Padri akatazama saa, kisha akatazama mlangoni, ambako watu wa harusi wenye maua walikuwa wameanza kuchungulia. "Maji yanapoa. Yote mawili naruhusu. Lipi la kwanza?"

Kila mtu alimtazama Polixeni. Akainua kidole kimoja, akakirudisha kwenye mkunjo wa mikono.

"Langu," alisema.

Argiris alimwona Zisis akifungua mdomo. Akamshika bega, akambana mpaka akanyamaza.

"La kwanza lako, mama," alisema Argiris. "Lakini kumshika namshika mimi."

Prodromos alimtazama dada yake. Dada yake akatikisa kichwa, ndiyo. Mtoto akabadilisha mikono, mzito na wa moto, akapigwa na mshangao kiasi cha kuacha kulia. Padri akamimina mafuta ya Lakonia, akampaka mtoto mwili mzima akawa anateleza kama samaki, na Argiris akamtaja kwa sauti iliyofika nje kwa watu wa harusi: Polixeni-Asimina. Alitua kidogo kabla ya jina la pili ili lisikike peke yake. Polixeni alikunja uso kwa ule mtuo. Mshumaa uliwashwa vilevile ulivyopinda, na Stamatina aliushika kwa mikono miwili, nta ikimdondokea kiatuni.

Kwenye ua wa kanisa, baadaye, Sarandis aliwasili na boksi la halua, akaanza kugawa. Polixeni alikula vipande viwili na kuuliza imetoka wapi. Zisis alimkumbatia Argiris muda mrefu. "Nyumbani mimi nitamwita Asimina," alisema. Argiris alimwambia asante, lakini walikuwa wameshasikia wote wawili bibi akimwita mtoto mara tatu pale uani, na halikuwa jina hilo.

"Haya," alisema Stamatina, akiwa ametoa kiatu, anakwangua nta kwa ukucha. "Barabara ya bure imetugharimu kiasi gani?"

Argiris akamwambia. Petroli, euro themanini na mbili. Paipu ya rejeta na ufundi, kumi na nane. Halua, kumi na mbili. Ushuru kutoka Larisa, kumi na tatu. Zote alilipa yeye, jumla mia na ishirini na tano, na basi lilikuwa arobaini na mbili. Na jina la mama yake lilikuwa liwe la kwanza, sasa ni la pili.